Dar mpaka Mwanza ni mbali kiasi gani: kwenda treni na basi, kurudi ndege

Jumanne usiku, Kimara

Kesho tunaanza safari ya Mwanza mimi na mjomba, binamu yangu anaolewa Jumamosi na mama mdogo ametishia asiyekuja asimpigie tena simu. Mabegi tayari, sasa tumekaa tunabishana umbali. Mimi nimeangalia kwenye simu, mtandao mmoja unasema Dar Mwanza kilomita 850 na kidogo, mwingine unasema 1,150, afu nikakuta habari za reli wameandika 1,219. Mjomba kacheka, kasema "zote za kweli, inategemea umepita wapi, mimi nimewahi kwenda Mwanza kwa kilomita 1,500 na zaidi." Nikadhani ananitania. Kasema nitaelezwa njiani, sasa hivi analala.

Zile namba lakini kweli zote ni sahihi. 850 ni mstari ulionyooka, kiwanja cha Dar mpaka kiwanja cha Mwanza, ile ndo ya ndege. 1,150 hivi ni lami, Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Shinyanga mpaka Mwanza. 1,219 ni njia kuu ya SGR, ile reli mpya ya umeme, itakapofika Mwanza, kwa sababu reli yenyewe inapitia Tabora na Isaka. Na hapo hujakutana na wanaojumlisha vipande vya mikataba ya ujenzi, Dar Moro 300, Moro Makutupora 422, Makutupora Tabora 368, Tabora Isaka 165, Isaka Mwanza 341, ukijumlisha unapata karibu 1,600 unaanza kujiuliza Mwanza imehama lini. Haijahama, mle ndani wamehesabu na njia za kupishania treni. Dar Moro kwa mfano njia kuu ni 205 tu, zilizobaki ni za kupishana na za kwenye stesheni.

Mpango wetu ni treni mpaka Dodoma, kulala, basi mpaka Mwanza, Jumapili kurudi na ndege maana Jumatatu natakiwa kazini. Mjomba hajawahi kupanda ndege, mtoto wake wa kwanza kamlipia tiketi, analalamika hela imepotea ila naona kanunua viatu vipya.

Jumatano, Dar mpaka Dodoma

Tumetoka Kimara bado giza, stesheni ya SGR ipo mjini kabisa karibu na ile ya zamani, lile jengo lenye umbo la tanzanite. Ukaguzi wa mizigo ni kama kiwanja cha ndege, foleni, mkanda, vua hiki weka kile, kitambulisho mkononi. Mjomba kabeba kidumu cha mafuta ya nazi kwa ajili ya mama mdogo, kimefunguliwa kimenuswa kimefungwa. Fikeni mapema, mlango wakishafunga hata ulie.

Tumepanda ile ya kawaida, sio mchongoko. Tiketi 31,000 mtu mmoja daraja la kawaida mpaka Dodoma. Mchongoko ni ile yenye pua imechongoka, nzuri ila bei imesimama kidogo, na mjomba kasema yeye halipii pua.

Imeondoka kwa muda wake. Pugu, Soga, Ruvu hata hujakaa sawa zimepita. Ukitoka nje ya mji inafika 160 kwa saa na ajabu yake ni kwamba huisikii, mpaka uangalie nguzo za umeme zinavyokimbia au ukikuta sehemu barabara iko karibu unaona magari yako pale pale. Morogoro tumefika ndani ya saa moja na nusu na kitu, wakati kwa gari Kimara mpaka Chalinze tu kuna siku inaweza kukumaliza muda huo wote.

Sehemu tamu ni baada ya Morogoro. Mkata, Kilosa, afu milima inaanza na treni inaingia kwenye mahandaki, unaingia giza, unatoka unaona bonde, unaingia tena, watoto kwenye behewa wanapiga kelele kila giza likiingia na watu wazima wanajifanya hawajashtuka. Chini huko ndo mto Mkondoa, ule uliokuwa unaitesa reli ya zamani. Kipande cha Kilosa mpaka Gulwe kila mvua ikikolea maji yanabeba tuta, abiria wa Kigoma na Mwanza wanaambiwa treni haiendi, wasubiri. Mjomba alikuwa ananionyesha kidole mahali reli ya zamani inapopita karibu na mto. Ya sasa imepandishwa juu.

Kidete, Gulwe, Igandu, nchi inakuwa kavu, mibuyu, na Dodoma hiyo hapo. Chini ya saa nne. Umbali wa reli mpaka hapa ni kama kilomita 444, barabara ni karibu hivyo hivyo, 450 na kidogo, lakini basi linachukua saa nane siku ikiwa nzuri. Mstari wa ndege Dar Dodoma haufiki hata 400.

Na hapa niseme langu. Dar Dodoma kupanda ndege sikuizi sioni sababu, labda una kikao na unalipiwa. Ndege yenyewe iko hewani chini ya saa moja ndio, lakini weka Kimara mpaka kiwanjani, weka kufika mapema, weka kungoja begi, unakuta umelingana na treni inayokushusha bila hata kufunga mkanda. Watu wanalinganisha muda wa hewani wa ndege na muda mzima wa treni, hesabu hiyo haiko sawa.

Dodoma baridi ya Julai na upepo, mjomba kavaa koti mpaka kitandani.

Alhamisi, Dodoma mpaka Mwanza

Stendi ya Nanenane saa 11 alfajiri, basi saa 12. Kungekuwa na moja la usiku maana tangu 2023 mabasi yameruhusiwa kutembea usiku kucha, ila mjomba kakataa, anataka aione njia.

Kutoka Dodoma mpaka Mwanza ni kilomita 700 hivi. Ukipiga hesabu za haraka unasema aah saa saba. Thubutu. Basi haliruhusiwi kuzidi 80, kuna kile kifaa cha VTS kinapiga kelele dereva akizidisha na abiria wote wanasikia, kila kijiji kina kibao cha 50, na pembeni ya kibao kuna askari na tochi. Hiyo tochi sio ya kumulika, ni ya kupima spidi. Madereva wanapeana ishara za taa na mikono, ukikaa mbele utaielewa lugha yao yote mpaka Singida. Ongeza mizani, kila mizani basi linaingia, linapimwa, linatoka. Ongeza kuchimba dawa. Ongeza abiria anayeshuka sehemu isiyo na kituo akiwa na magunia. Wastani unaangukia kilomita 60 kwa saa, ukipata hiyo umshukuru dereva.

Bahi tumepita jua linatoka, mashamba ya mpunga yamekauka. Kupanda ule mlima kuelekea Manyoni basi limenguruma taratibu na hapo ndo mjomba kaanza stori yake ya kilomita 1,500.

Miaka hiyo, anasema, kabla lami haijaunganishwa huku katikati, mtu wa Dar anayekwenda Mwanza au Musoma kwa basi alikuwa anapitia Kenya. Sio utani. Basi linatoka Dar, Moshi, Arusha, Namanga, linaingia Nairobi, linashuka mpaka Kisii, Migori, linavuka Sirari, Tarime, Musoma, ndo linaingia Mwanza. Mtanzania anaenda Tanzania kwa kuvuka mpaka mara mbili, mfukoni ana hati ya dharura ya kusafiria. Ukiangalia ramani unaona watu walikuwa wamechanganyikiwa, lakini huko kulikuwa na lami na huku kulikuwa na tope. "Masika moja," kasema, "jamaa alipita huku Singida kwa lori akasema ni njia fupi, sisi tulizunguka Nairobi, tukafika, tukakaa, tukamaliza shughuli, yeye bado yuko njiani." Jamaa wa siti ya nyuma kadakia, mzee kweli hiyo, hata mimi nimepita Sirari nikiwa mdogo nimebebwa. Basi zima likageuka kijiwe mpaka Ikungi.

Nimebaki nawaza, ile 1,500 ndo ilikuwa njia ya haraka.

Singida tumefika kama saa 4 asubuhi. Kuku. Hakuna cha kueleza sana, basi likisimama tu madirishani ni kuku wa kuchoma, mayai, vitunguu kwenye nyavu, mafuta ya alizeti kwenye madumu. Mjomba kanunua mafuta ya alizeti lita tano, ongeza kile kidumu cha nazi, tunasafiri na ghala. Yale maziwa ya chumvi pembeni ya mji yanang'aa na mawe makubwa yamepandana, dakika tano basi limepita.

Kutoka Singida unashuka Sekenke. Zamani mlima huu ulikuwa na jina baya kwa ajali, sasa barabara nzuri ila kona zipo na malori yanashuka kwa gia nzito, moshi wa breki unaunusa. Chini ni Shelui, afu bonde la Wembere tambarare mpaka macho yanachoka, Igunga, Nzega. Hapa joto. Watu wamelala vinywa wazi, konda kaweka sinema ya kupigana, sauti mpaka mwisho.

Nzega unakata kulia, Tinde, Shinyanga, na kuanzia hapo salamu zinabadilika, wanaopanda wanasalimia "mwadila" na mjomba anaitikia kwa kujiamini ingawa Kisukuma chake kinaishia hapo hapo na "wabeja". Maganzo, pale kwa almasi ya Mwadui. Misungwi. Usagara. Mawe yanaanza tena, nyumba juu ya mawe.

Sasa kuna kitu kimoja nilikisoma lakini leo nimekiona. Tunaingia Buhongwa saa inaelekea 12 na nusu jioni, Dar muda huu jua limeshazama na magharibi imeshaadhiniwa, huku jua bado lipo juu ya vilima, kweupe kabisa. Nikampigia wife, kasema huku taa zimewashwa zamani. Saa ni ile ile nchi nzima, lakini Mwanza ipo magharibi ya Dar kwa nyuzi sita na robo hivi, na kila nyuzi moja jua linachukua dakika nne, kwa hiyo ni dakika 25, na miezi hii ya baridi inazidi kidogo. Wanaofunga Ramadhani wanalijua hili vizuri, ratiba ya futari ya Dar haikufai Mwanza. Mjomba kaangalia saa, kaangalia jua, kasema "kumbe ndo maana nina njaa."

Nyegezi stendi tumeshuka kama saa moja kasoro. Karibu saa 13 kutoka Dodoma. Miguu imevimba.

Ijumaa, Mwanza na daraja

Maandalizi ya harusi yamejaa nyumba nzima, wanaume tumeambiwa tupishe. Mume wa mama mdogo katuchukua kwenye gari tukaone daraja la Kigongo Busisi, mjomba ndo alikuwa analitaka hilo kuliko hata harusi.

Lile daraja lina urefu wa kilomita 3, limefunguliwa Juni 2025, na limepewa jina la Magufuli. Kabla yake ilikuwa kivuko. Anayetoka Geita au Sengerema kuja Mwanza anafika Busisi, anapanga foleni, kivuko kikiwa kimejaa anangoja kingine, kuvuka kwenyewe zaidi ya nusu saa, kwa hiyo kilomita tatu zilikuwa zinaweza kula saa mbili. Wenye wagonjwa ndo walikuwa wanaijua shida yake. Leo tumeingia darajani, mwenyeji wetu hajakimbia, anatembea huku anatuelekeza, nimeangalia simu, dakika nne tupo ng'ambo. Maji yale yale, umbali ule ule. Tukageuza tukarudi tena kwa raha zetu.

Jioni Mwaloni Kirumba, dagaa magunia kwa magunia, harufu inakaa kwenye nguo. Sato wa kukaanga na ugali, mimi nilikula wawili. Tukapita jiwe la Bismarck kupiga picha kama kila mtu.

Jumamosi

Harusi. Nimecheza, nimelala saa 9 usiku. Binamu kapendeza, mama mdogo kalia, MC kapitiliza muda.

Jumapili, Mwanza mpaka Dar

Leo nimeamua kuandika muda wote maana nataka kujua ile "saa 1 na dakika 25" wanayoandika kwenye tiketi ni ya nini hasa.

Saa 1:10 asubuhi tumetoka nyumbani Nyegezi. Kiwanja kipo upande wa pili wa mji, unapita katikati, Kirumba, Pasiansi, kama kilomita kumi kutoka mjini. Jumapili barabara nyeupe, saa 1:55 tumefika. Ukaguzi, mjomba kavuliwa mkanda na viatu vipya, dagaa tulizopewa zikapelekwa kwenye mizigo baada ya majadiliano, zimefungwa karatasi tatu na bado unazinusa. Afu kukaa. Kukaa kweli kweli.

Saa 4:10 mlango wa ndege umefungwa. Saa 4:22 magurudumu yameacha ardhi. Saa 5:31 yamegusa Dar. Saa 5:38 imesimama kwenye maegesho. Kwa hiyo hewani tumekaa saa 1 na dakika 9, na kutoka kufunga mlango mpaka kusimama ni saa 1 na dakika 28. Ile ya kwenye tiketi ndo hiyo ya pili, mashirika yanahesabu tangu ndege inapoondoka ilipoegeshwa mpaka inapoegeshwa tena. Kutembea chini, kungoja zamu ya kuruka, yote yamo.

Na usigawanye tu 850 kwa spidi ya ndege ukasema saa moja kamili. Jeti ikiwa juu inaenda 800 na kitu kwa saa, lakini kwenye safari fupi hivi muda mwingi inapanda au inashuka, pale katikati inakaa juu muda mdogo tu, chai yenyewe wanagawa mbio mbio. Ukipangiwa ile ya mapangaboi, ambayo inaenda 600 na ushee, jua tu utaongeza karibu nusu saa. Sio kwamba ndege imechelewa, ndo spidi yake.

Ila kizuri zaidi kilikuwa dirishani. Tulikaa upande wa kulia. Tumepaa, ziwa hilo, visiwa, mitumbwi midogo kama punje, afu nchi kavu ya kahawia. Nikawa nasubiri kuiona Singida au Dodoma, hakuna. Kama dakika 25 hivi mlima mmoja umesimama peke yake kulia kwetu, karibu kabisa. Mjomba kauangalia, kasema "huo Hanang, nimefanya kazi Katesh, siwezi kuusahau." Nikafungua ramani niliyokuwa nimeihifadhi kwenye simu, ni kweli, ukipiga mstari Mwanza mpaka Dar unapita kusini kidogo ya ziwa Eyasi, kaskazini ya Hanang, juu juu ya Kondoa, Kiteto, unaenda kushukia Dar. Dodoma ipo mbali huko kusini. Ndo nikaelewa zile kilomita 300 zinapotelea wapi. Barabara na reli vinatoka Dar kuelekea magharibi moja kwa moja mpaka Dodoma, afu ndo vinaanza kupanda kaskazini kuitafuta Mwanza. Ndege inakata kona yote hiyo.

Mjomba hakuogopa hata kidogo. Aliuliza mara moja tu, tulipoingia mawinguni ikatikisika, "hapa ndo Sekenke yao?"

Haya, tumeshuka saa 5:38. Begi limetoka saa 6:05, dagaa ndo zimetangulia, kila mtu kageuka. Usafiri wa kutoka kiwanjani mpaka Kimara, Buguruni foleni, Ubungo foleni, tumefika nyumbani saa 7:50. Mlango kwa mlango saa 6 na dakika 40, na kati ya hizo hewani ni saa moja na dakika tisa. Bado ndege imeshinda kwa mbali sana, basi la moja kwa moja Dar Mwanza linakaa saa 17 na kuendelea, hilo halina ubishi. Kwa Mwanza ukiwa na hela panda ndege, na kata tiketi mapema maana bei ya wiki ya mwisho haina huruma.

Jioni mjomba kakaa kibarazani na kalamu anapiga hesabu nyuma ya kadi ya harusi. Treni ikifika Mwanza, kilomita 1,219. Kwa spidi ya 160 ni chini ya saa nane, nikamwambia hapana mjomba, chukua mwendo tulioenda nao wenyewe, 444 chini ya saa nne pamoja na kusimama, wastani ni kama 115, kwa hiyo hesabu saa 10 mpaka 11. Kaandika. Nauli, Dodoma ni 31,000, karibu shilingi 70 kwa kilomita, ikibaki hivyo Mwanza inakuja 85,000 hivi. Kaandika hiyo nayo. "Unaondoka Dar saa mbili usiku, asubuhi unakunywa chai Mwanza," kasema, "na mafuta ya alizeti lita ishirini hakuna wa kukuuliza." Isaka mpaka Mwanza bado wanajenga, na Makutupora mpaka Isaka vile vile, nikamkumbusha. Kasema yeye alishasubiri lami ya Singida, hii si kitu.